Mnunuzi wa Mbali Asiyelipa, na Mafunzo ya Njia ya Tabora

Makala ya Katibu wa Chama



Katika mkutano wetu uliopita wengi wenu mliuliza swali moja, na mlikuwa na haki ya kuuliza: ule mzigo wa viungo uliokwenda Tabora umeishia wapi, na fedha zake ziko wapi? Siku ile tulijibu kwa ufupi, kwa kuwa jua lilikuwa linakuchwa na wengine mna safari ndefu. Tuliahidi kueleza kwa maandishi, na ahadi ni deni. Leo twalipa.

Kwanza yafaa tufahamiane. Karafuu zetu hazimo katika maneno haya. Karafuu kavu, kwa sheria ya Zanzibar, hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, lile la ZSTC lililoanzishwa mwaka 1968. Mkulima akishapima mzigo wake kituoni, anajua mdeni wake ni nani na mlango wake uko wapi. Habari yetu ni ya vitu vingine tunavyolima chini ya mikarafuu na pembezoni mwake, yaani pilipili manga, mdalasini, hiliki na manjano, ambavyo siku hizi twaviuza kwa simu. Mtu hupiga picha, akaiweka katika WhatsApp au Instagram, na kabla ya adhuhuri anaulizwa bei na mtu wa Mwanza, wa Nairobi au wa Maskati ambaye hajapata kumwona wala hatamwona. Hii ni neema. Lakini kila neema ina mtihani wake, na mtihani wa neema hii ni mnunuzi asiyelipa.

Tulivyopatikana

Kikapu cha Viungo, kama mjuavyo, ni cha wanachama 14, na 9 kati yao ni kina mama. Mnunuzi mmoja aliyejitaja kuwa mfanyabiashara wa Tabora aliagiza kilo 5 za pilipili manga. Alilipa kabla hatujafunga mzigo, tukampelekea, akatushukuru kwa maneno matamu. Wiki tatu baadaye akaagiza tena: kilo 20 za pilipili manga, kilo 25 za mdalasini na kilo 5 za hiliki. Jumla yake ilikuwa shilingi 850,000.

Siku ya kupeleka mzigo tulikuwa gatini, boti inakaribia kuondoka, wachukuzi wanatuhimiza. Simu ikalia. Tukaona ujumbe unaosema kwamba tumepokea shilingi 850,000, wenye maneno yale yale ya ujumbe wa fedha za simu tuliouzoea. Mara mnunuzi naye akapiga: "Bwana Katibu, nimeshatuma. Fanya hisani mzigo usikose boti ya leo." Tukaukabidhi mzigo. Ulipopakiwa basi Dar es Salaam tukapelekewa picha ya stakabadhi, nasi tukampelekea mnunuzi picha ile ile ili apate kuuchukua.

Usiku tulipotazama salio, lilikuwa lile lile la asubuhi. Ule ujumbe haukutoka kwa kampuni ya simu. Ulitoka katika namba ya mtu wa kawaida, nasi katika haraka yetu tuliyasoma maneno bila ya kumtazama aliyeyaandika. Tulipompigia alisema mtandao unasumbua, fedha zitaingia. Siku ya pili akasema hivyo hivyo. Siku ya tatu simu yake haikupatikana, wala haijapatikana hadi leo.

Twaeleza haya bila ya kujificha. Kosa la kukabidhi mzigo kabla ya kutazama salio lilikuwa letu, si la mwanachama mwingine yeyote. Kina mama wale walichuma, wakaanika, wakapepeta, na sisi kwa dakika moja ya haraka tukakitoa kwa mtu tusiyemjua.

Safari ya Tabora

Ilitokea kwamba jamaa yetu alikuwa anaoza Tabora, nasi tulikuwa tumealikwa. Tukaona tutakwenda harusini, na huko huko tutafute habari ya mzigo. Nauli tulijilipia wenyewe, na twalitaja hili kwa kuwa yuko aliyeuliza. Hata hivyo tulipiga hesabu. Boti, basi na chakula cha kwenda na kurudi vilikuwa sehemu kubwa ya fedha tulizokuwa tunazifuata. Mwanachama atakayetaka kumfuata mdeni wake bara na apige hesabu hiyo kwanza.

Katika ofisi ya basi karani alikuwa mwungwana. Akafungua daftari, akatuonyesha siku mzigo ulipochukuliwa na sahihi ya aliyeuchukua. Mwenye picha ya stakabadhi ndiye mwenye mzigo, na picha hiyo tuliitoa sisi. Tukaenda polisi tukaandikisha malalamiko, tukapewa namba ya RB. Baada ya muda tukaarifiwa kuwa laini ile ilisajiliwa kwa kitambulisho cha bibi mmoja mzee wa mkoa mwingine, ambaye hana habari na pilipili wala mdalasini. Hapo ndipo njia ya mtu huyo ilipotupotea.

Lakini Tabora tulikuwa na mdeni wa pili, ambaye hatukumtaja mkutanoni. Huyu ni mwenye duka mdogo ambaye tumemwuzia kwa mali kauli zaidi ya mwaka, na siku zote alikuwa akilipa. Safari hii alichukua bidhaa za shilingi 320,000, kisha akanyamaza miezi miwili. Simu haipokelewi, ujumbe haujibiwi. Baada ya yaliyotupata, tuliwaweka wote wawili katika kapu moja. Wapo wanachama, na majina hatutaji, waliotutaka tutoe picha yake na namba yake mitandaoni, tuandike chini yake neno "mwizi", ili Tabora nzima imjue. Tunakiri kwamba tulikaribia kufanya hivyo. Maneno yalikuwa yameshaandikwa, yamebaki kutumwa tu.

Tulipofika sokoni tulikuta duka limefungwa. Jirani yake akatuambia, "Huyo ndugu yetu yuko hospitali na mkewe, mwezi wa pili huu." Tukamfuata. Alipotuona aliinamisha macho. Simu yake ilikuwa imeuzwa kwa ajili ya matibabu, na namba zetu zilikuwa ndani ya simu ile. Hakuwa na haja ya kuapa, hali yake ilionekana. Pale pale alitoa shilingi 100,000, tukaandikiana karatasi kwamba 220,000 zilizobaki zitalipwa kwa mafungu mawili, mashahidi wakiwa jirani yake na jamaa yetu. Fungu la kwanza lilifika kwa wakati. La pili lilichelewa siku 9, na kabla ya kuchelewa alituarifu. Deni limekwisha, mkewe amepona, na mwezi uliopita ameagiza tena manjano.

Fikirini, wanachama, kama tungalituma yale maneno.

Kwihara

Siku moja kabla ya kurejea, mwenyeji wetu, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alituchukua kwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, penye tembe alilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 na ambalo sasa ni makumbusho. Tulipokuwa tumeketi kivulini tulimweleza yaliyotupata. Akacheka kidogo, akasema: "Mwanangu, nyinyi watu wa visiwani mmekuwa mkiikopesha Tabora tangu babu za babu zetu. Wa kulipa walilipa, na wa kutolipa hawakulipa. Mlikuwa mmesahau tu."

Maneno yale yalituingia. Tuliporudi tulisoma na kuuliza, nasi twawaletea hapa yale tuliyoyapata, kwa kuwa yana faida kwa mtu anayeuza kwa mbali.

Biashara ya mali kauli iliyokwenda bara

Tabora ilikuwa katika nchi ya Unyanyembe, na Waarabu na Waswahili wa pwani walikaa hapo tangu katikati ya karne ya 19. Burton na Speke waliufikia mji huo, ambao wao waliuita Kazeh, mwezi wa Novemba 1857, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akafika mwezi wa Juni. Hapo njia ziligawanyika: moja Ujiji na Manyema, moja kaskazini Karagwe na Buganda, moja kusini. Mizigo yote ilikuwa kichwani na begani kwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifika kwa kazi hiyo.

Sasa wengi wetu hudhani kwamba wakubwa wa misafara walikuwa matajiri waliobeba mali yao wenyewe. Sivyo. Wengi wao walibeba mali ya kukopa. Tajiri alikuwa Unguja, na mara nyingi alikuwa Mhindi. Alimpa mwenye msafara nguo za merikani na kaniki, shanga, masango na baruti, na bei ya mkopo ilikuwa kubwa kuliko bei ya fedha taslimu, kwa sababu ya muda na hatari. Mwenye msafara naye aliahidi kurudi na pembe. Akirudi, pembe zilipimwa kwa frasila, kipimo kile kile cha ratili 35 hivi ambacho wazee wetu walipimia karafuu.

Yataka tuseme kweli yote. Msafara haukuleta pembe peke yake. Ulileta na watu, na baadhi ya watu hao waliletwa katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukakatazwa visiwani mwaka 1897. Katika daftari za wakati ule, deni la mtu mmoja lililipwa kwa uhuru wa mtu mwingine. Tukisoma habari za njia hii tusizisome kwa majivuno.

Lakini swali letu ni hili: tajiri aliyekaa Unguja alimwamini vipi mtu aliyekwenda mahali asipoweza kumfikia kwa miaka miwili, mitatu, au zaidi? Hapakuwa na simu wala polisi wa kumwandikishia malalamiko. Twaona alikuwa na ngao tatu.

Ngao ya kwanza ni kumjua mtu na ukoo wake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mtoto wa Unguja. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao Tabora na alioa katika nyumba ya Mtemi Fundikira. Aliyemkopesha Tippu Tip alijua nyumba yake ya pwani na nyumba yake ya bara.

Ngao ya pili ni kuanza na kidogo. Safari zake za mwanzo zilikuwa ndogo. Aliporudi na pembe na kulipa, ndipo mikopo ikakua. Tajiri Taria Topan alimkopesha kwa safari ile kubwa iliyomfikisha Manyema na mto Lualaba, akakaa huko zaidi ya miaka 10, akarejea Unguja mwaka 1882. Huo ni muda mrefu wa kumsubiri mtu, na Taria hakusubiri kwa upofu.

Maana ngao ya tatu ni kukaa mlangoni. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa matajiri. Kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, na Taria Topan naye alipata kuikodi. Pembe iliyoshuka Unguja ilipita mbele ya macho yao. Kwa hiyo mdeni alikuwa huru kwenda apendapo, lakini siku ya kuleta mali sokoni, mlango ulikuwa mmoja na mwenye deni ameketi penye mlango.

Na pamoja na ngao hizo, walikuwako wasiolipa. Yuko mtu aliyejikuta deni lake limezidi pembe zake, akaona heri asirudi pwani, akakaa Tabora au Ujiji, akaoa, akapanda miembe, akazikwa huko huko. Mwenye kudai Unguja aliandika barua mpaka wino ukamwishia. Mdeni wa siku zile alizima simu kwa kukaa bara.

Mzigo wa Livingstone

Kisa kimoja kinafanana na chetu mno. Livingstone alipokuwa Manyema, Balozi wa Kiingereza wa Unguja alimpelekea bidhaa Ujiji kwa msaada wa mfanyabiashara Ludha Damji. Msafara ulikabidhiwa kwa mtu aliyeitwa Sherif. Livingstone alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, mgonjwa na amechoka, aliambiwa kwamba Sherif ameziuza bidhaa zote, nguo na shanga, hakubakisha kitu. Udhuru wake ulikuwa kwamba alitazamia katika Msahafu akaona kwamba Livingstone amekwisha kufa. Bwana mkubwa yule akabaki kama maskini mpaka Stanley alipomfikia siku chache baadaye na mali yake.

Tazameni kosa lilikuwa wapi. Waliopeleka mzigo walikuwa watu wenye akili na uwezo, na bidhaa zilifika Ujiji kweli. Lakini huko mwisho wa njia hapakuwa na mtu wa kuaminika wa kuangalia kwamba mzigo umeingia katika mkono uliokusudiwa. Sisi nasi mzigo wetu ulifika Tabora salama. Basi halikupotea, karani hakuiba. Kilichokosekana ni mtu wetu pale mlangoni, wa kushika mzigo mpaka fedha zionekane.

Mwenye hila na mwenye shida

Liko na jambo jingine njia ile inatufundisha. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ikafungwa, na misafara ikakwama. Yupo mtu mwaminifu ambaye pembe zake zilikuwa ng'ambo ya vita na deni lake liko Unguja. Huyo kuchelewa kwake hakukuwa wizi. Na huku kwetu, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikaangusha mikarafuu mingi mno ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na ndiyo sababu mojawapo ya kisiwa hiki kuwa mama wa karafuu. Mwenye shamba wa Unguja aliyekopa kwa tamaa ya mavuno ya mwaka ule aliamka asubuhi hana mavuno wala miti.

Na baadaye zamu yetu ilifika. Katika miaka ya 1920 na 1930 wakulima wengi wa karafuu walikuwa wameweka mashamba rahani kwa deni wasiloweza kulilipa. Wengine walikopa kwa dhiki, na wengine, tuseme kweli, walikopa kwa harusi na fahari. Kukopa harusi, kulipa matanga. Hali ilifika serikali ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasiende kwa wadai, na mwaka 1934 Chama cha Wakulima wa Karafuu cha wakati ule kikaundwa upya kwa sheria. Mwaka 1937 chama hicho kilipopewa peke yake kazi ya kununua karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi waliona wameonewa, na India ikasusia karafuu zetu mpaka yalipofikiwa makubaliano mwaka 1938. Hatusemi nani alikuwa na haki yote. Twasema hivi tu: kabla hujamwita mtu "asiyelipa", kumbuka kwamba babu yako naye pengine aliitwa hivyo, na aliyekuwa na subira naye ndiye aliyekuachia shamba.

Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Msahafu, katika Sura ya Baqara, ni ya deni. Inaamrisha deni liandikwe, dogo na kubwa, na kuwe na mashahidi. Aya inayofuata inataja safari, kwamba asipopatikana mwandishi, basi iwepo rahani ya kushikwa mkononi. Na aya iliyotangulia kidogo inaagiza kwamba mdeni aliye katika dhiki apewe muda. Mtume (S.A.W.) naye ametufundisha kwamba mwenye uwezo anayechelewesha kulipa amedhulumu. Ukiyaweka mafunzo haya pamoja utaona hayapingani. Andika kwanza, shika amana, kisha mtazame mtu: mwenye shida mpe muda, mwenye hila mpeleke kwenye sheria.

Yaliyoamuliwa

Kuhusu shilingi 850,000, sisi tulijitolea kulipa zote kutoka katika mfuko wetu kidogo kidogo. Kamati ilikaa bila ya sisi kuwamo. Iliamua kwamba nusu tulipe sisi kwa miezi 10, na nusu itoke katika akiba ya Kikapu, kwa kuwa chama hakikuwa kimeweka kanuni yoyote ya kukabidhi mzigo, na kumwachia mtu mmoja kazi yote ni kosa la wote. Tumeukubali uamuzi huo na tumeshalipa fungu la kwanza. Kina mama 9 wamepata fedha zao zote.

Pamoja na hayo Kamati imepitisha kanuni hizi, na twaomba kila mwanachama azifuate hata kwa mali yake mwenyewe:

1. Agizo la kwanza la mnunuzi mgeni liwe dogo, na lilipwe lote kabla ya mzigo kutoka. Agizo la pili likiwa kubwa ghafla, hiyo ni sababu ya kuzidisha uangalifu, si ya kuupunguza. Mtego wetu ulikuwa hapo.

2. Fedha ni salio, si ujumbe. Fungua salio lako kwa mkono wako ulione limeongezeka. Ujumbe uliotoka katika namba ya mtu, au picha ya ujumbe, si fedha. Na ukipata ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", usitume hata senti.

3. Asiye na haraka asikubali kuharakishwa. Mnunuzi akikuhimiza kwamba boti inaondoka, mwambie iko boti ya kesho.

4. Agizo liandikwe: bidhaa, kilo, bei, nauli ni ya nani, na siku ya mwisho ya kulipa. Siku hiyo ikipita bila malipo, mwarifu kwa adabu kwamba mzigo anauziwa mwingine, kisha umuuzie mwingine. Wako wengi wanaoagiza na kubadili nia. Hao si wezi, wala hawastahili matusi. Usimfungie mzigo miezi miwili mtu ambaye hajatoa hata amana.

5. Mzigo mkubwa uagizwe kwa amana ya nusu. Nusu ya pili ilipwe mzigo ukifika, mbele ya wakala wetu. Tabora tumempata wakala, ni yule mwenye duka aliyelipa deni lake katika dhiki. Twaona mtu aliyekwisha pita katika mtihani huo anafaa kuaminiwa.

6. Stakabadhi ya mzigo isipelekwe kwa mnunuzi mpaka malipo yaonekane. Stakabadhi ndiyo ufunguo wa mlango.

7. Mali kauli itolewe kwa mnunuzi tuliyemjua mwaka mmoja au zaidi, na kwa kiasi ambacho kikipotea, Kikapu hakitaanguka. Chukua namba yake na namba ya mtu mwingine wa karibu naye, maana simu huuzwa, hupotea, na mtu huugua.

8. Deni likichelewa, uliza kabla ya kushutumu. Andika mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa tarehe, mara ya tatu mbele ya shahidi. Ikiwa ni hila, peleka namba ya tapeli katika 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, uandikishe polisi, na uweke ushahidi wote bila ya kuufuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa ajili hiyo. Ikiwa ni deni tu, yako mahakama za mwanzo kwa madai madogo.

9. Ni marufuku kwa mwanachama kutoa picha, jina au namba ya mdeni mitandaoni kwa jina la chama. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na unaweza ukageuka kutoka mdai ukawa mshitakiwa. Lakini hata pasipo sheria, kumbukeni yule mtu tuliyemkuta hospitali.

Na kila mmoja wetu apige *106# atazame ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, ili kesho asiitwe yeye kujibia pilipili alizokula mwingine, kama yule bibi mzee.

Neno la mwisho

Msafara wa zamani ulichukua miezi mitatu kufika Tabora. Reli ilifika huko mwaka 1912. Leo basi likitoka Dar es Salaam alfajiri, usiku mzigo uko Tabora, na ujumbe hufika kabla hujafumba jicho. Uongo nao hufika kwa mwendo huo huo, na kwa hiyo sisi yatupasa tupunguze mwendo pale pa kukabidhi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari jipya la maagizo limekwisha nunuliwa na liko ofisini, na kila mwanachama wa Kikapu ana ruhusa ya kulifungua siku yoyote ya kazi, asubuhi. Ukurasa wa kwanza tumeandika deni letu sisi wenyewe, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, ili mtu asiulize tena mkutanoni.

Twawatakia mavuno mema na wanunuzi wema.

Wabillahi tawfiq.

Katibu